Kofia ya Abiria

Mwanangu Seifu,

Salamu nimezifupisha, maana leo mchana tumekula sahani moja na nimeona kwa macho yangu kwamba hujambo. Mwandiko huu ni wa mdogo wako Zuhura, lakini maneno ni yangu. Unajua kidole gumba cha mkono wangu wa kulia na kile cha shahada havikutani tangu ile ajali. Mshikio wa pikipiki naushika, kalamu inaniponyoka. Nimemwomba aandike kama ninavyosema, asinirembee. Wewe umekwenda kuwaaga ndugu zako, jua bado lipo, mama yako yuko jikoni anakukaangia mihogo ya njiani, na mimi nimekaa hapa uani na binti huyu na daftari lake la shule.

Kesho asubuhi unaondoka hapa Mahege kwenda kwa mjomba wako Mloka, kuanza kazi ya bodaboda. Habari za kula, kulala na kutunza nguo mama yako amekwisha kukueleza, na atakayoyasahau atakuambia ukiwa umeshapiga kiki. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na ninaliandika kwa sababu nikikaa mbele yako utanitazama, na ukinitazama nitaanza kuzungumzia mvua.

Juzi nilikuambia ukifika Kibiti usipitilize. Nilikuambia kuna mafunzo ya wiki mbili ya waendesha pikipiki, yanaanza Jumatatu, ulale kwa mama yako mdogo, usome, upate cheti na leseni, ndipo uende Mloka. Ulinijibu kwa adabu kama ulivyolelewa. Ulisema, "Baba, si ulinifundisha wewe?" Mama yako akaingilia, akasema basi angalau tafuta kofia ngumu mbili nzuri, yako na ya abiria. Ukacheka, ukamwambia, "Mama, shangazi alivaa kofia. Ilimsaidia nini?"

Uliona nilivyonyamaza. Nilichukua birika nikaenda kutawadha na adhana ilikuwa bado. Pengine ulidhani umeniudhi kwa kulitaja jeraha la dada yangu. Sivyo, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale ni yangu. Nimeyasema pale kijiweni miaka sita. Kila alipokuja mtu kutuhimiza kuvaa kofia na kumvalisha abiria, nilikuwa wa kwanza kumjibu: dada yangu mwenyewe alivaa, muulizeni kichwa chake. Vijana waliitikia, mtu yule aliishiwa hoja, nami nikajiona mwenye hekima. Umeyaokota maneno hayo miguuni pangu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya kazi upande wa pili wa mto, huko kwenye vijiji vya delta. Pikipiki tulikuwa tunaipandisha kwenye mtumbwi, tunailaza kidogo, mmoja anashika usukani wa pikipiki, mmoja anapiga kafi. Mitumbwi ile ilikuwa mikongwe na maji yaliingia. Mwenye mtumbwi alikuwa na kopo lake, lakini kopo moja halitoshi ukiwa na pikipiki ndani. Basi tulichota maji kwa kofia ya abiria. Nasema ya abiria kwa sababu yangu ilikuwa kichwani, na ile nyingine siku zote ilikuwa imetundikwa tu kwenye kioo. Hakuna aliyeona ajabu. Kila bodaboda aliyevuka alifanya hivyo. Ilikuwa na kina kizuri na mkanda wake ulikuwa kama mkono wa ndoo.

Tatizo ni kwamba maji yale ni ya tope na chumvi, na humo ndani mwa kofia kuna kitambaa, na chini ya kitambaa kuna kitu cheupe, chepesi, kama kile cha maboksi wanayohifadhia kamba kwenye barafu. Vilianza kunuka. Abiria, hasa wanawake, waliishika kofia kwa vidole viwili wakanirudishia. Mama mmoja aliniuliza kama nimeivua kwa nyavu. Wengine walisema inawavuruga ushungi, haipiti juu ya kilemba. Mimi nikaona nitengeneze. Siku moja ya Ijumaa nilikaa palepale unapoegesha pikipiki yako sasa, nikachukua kisu, nikabandua kitambaa, nikakwangua ule weupe wote mpaka nikafika kwenye ganda. Nikaiosha kwa sabuni, nikaianika. Ilitoka nyepesi, inang'aa, hainuki.

Seifu, kofia ile ilipendwa. Ilipita juu ya ushungi, ilipita juu ya nywele zilizosukwa, haikuchoma kwa joto. Wanawake walikuwa wakiniita kwa jina kwa sababu ya kofia yangu. Wenzangu wawili waliniomba niwafanyie zao, nikawafanyia.

Mimi nilidhani kile cheupe ni godoro. Nilidhani wenye kiwanda wamekiweka ili kichwa kisiumie kwa ugumu wa ganda, kama mtu anavyoweka mto kwenye kigoda. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Marehemu rafiki yangu Kassimu alinipandisha pikipiki mchana mmoja, uwanja wa mpira, baada ya mavuno ya mpunga. Akanionyesha klachi, gia na breki ya nyuma. Kesho yake nilibeba abiria.

Na wewe nilikufundisha mchana mmoja, kwenye uwanja uleule. Nilikuambia usiguse breki ya mbele, itakurusha. Nilikuambia kwenye mteremko uweke gia huru, upumzishe injini. Yote mawili aliniambia Kassimu, na yote mawili nilikurithisha kama mtu anayemrithisha mwanawe shamba. Nakumbuka ulivyokuwa unatabasamu ukizunguka goli. Nilikuwa na furaha siku ile na sitaki kuikana. Lakini nilikupa mbegu mbovu.

Sasa shangazi yako. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, unamkumbuka alivyokuwa. Dada Mwanahawa hakuna harusi iliyofana bila yeye kuanzia hapa hadi Kibiti. Alikuwa na nyimbo za kumwingiza bwana harusi, nyimbo za kumtania mama mkwe, nyimbo ambazo wengine walizijua kiitikio tu lakini yeye alizijua zote mpaka mwisho. Siku ile nilikuwa nampeleka Kibiti kwenye harusi. Alikaa upande kama wanawake wanavyokaa, nikamkunjia ncha za kanga zisiingie kwenye mnyororo. Hilo angalau nililijua. Nikampa kofia. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii kofia yako kama kofia ya sikukuu." Tukaondoka.

Mvua za masika zilikuwa zimekoma wiki ile. Pale kwenye mteremko kabla ya daraja dogo maji yalikuwa yameleta mchanga mpya, umelala kwenye kona kama unga. Mimi niliweka gia huru kama kawaida yangu. Pikipiki iliyo huru haishikwi na injini, inashuka kama kitu kilichosukumwa. Nilipouona mchanga nilikuwa tayari ndani yake. Breki ya mbele nilishajikataza, kwa hiyo nilikanyaga ya nyuma kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likafunga, mkia wa pikipiki ukaja pembeni, tukaanguka wote upande wa kulia. Mimi nilikuwa na kandambili na mikono mitupu. Mkono ndio huu. Yeye kichwa chake kiligonga ukingo wa barabara, kofia ikiwa kichwani, mkanda umefungwa vizuri. Nilimfunga mimi.

Watu walipokuja waliniuliza kumetokea nini. Nikasema ngiri ametukatiza.

Hapakuwa na ngiri, mwanangu.

Zuhura ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Nilisema ngiri kwa sababu kila mtu hapa anamjua ngiri, na hakuna anayemlaumu mtu kwa ngiri. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, na lilipotoka likakaa. Watu wameshamkuza. Kuna mtu kijiweni anaapa kwamba alimwona, ana pembe hizi. Nami nimekaa nikimsikiliza, nikitikisa kichwa.

Shangazi yako alilala hospitali siku nyingi, akarudi. Alhamdulillahi, anatembea, anapika, anatutania. Ya zamani yote anayakumbuka. Ya leo ndiyo yanayomwagika. Na nyimbo anaanza vizuri, sauti ileile, halafu katikati mstari unampotea. Umeona wanawake wanavyofanya kwenye harusi: wanaudaka mstari kabla haujaanguka, wanaumalizia kwa nguvu kama vile ndivyo ulivyopangwa, na yeye anapiga makofi pamoja nao. Kila wanapoudaka mimi natoka nje.

Lakini hata hapo, Seifu, nilijua kosa langu moja tu: ule mteremko na uongo wa ngiri. Kofia sikuijua. Kofia nilidhani ni shahidi wangu. Nilisema moyoni kwamba nilimvalisha, nilimfunga, la kwangu nilifanya, lililobaki ni kadari.

Mwezi uliopita nilimshusha abiria Kibiti, nikawa namsubiri nimrudishe. Kando yetu, kwenye uwanja mmoja, kulikuwa na vijana wa mafunzo hayohayo ninayokuambia. Mwalimu wao ni mwanamke wa makamo, amevaa ushungi mwembamba na juu yake kofia ngumu, imekaa vizuri, hata sikuamini. Nikasogea kwenye uzio. Alikuwa na kofia moja aliyoipasua katikati kwa msumeno kama mtu anayepasua papai. Akawauliza vijana, hapa kinachomwokoa mtu ni kipi? Wote wakaonyesha ganda. Hata mimi, huko nje ya uzio, nilikuwa nimeshaonyesha ganda moyoni mwangu.

Akawaambia ganda linazuia kokoto na linateleza, basi. Akaweka kidole kwenye ule weupe. Akasema huu ndio unaopokea pigo, unapondeka wenyewe ili ubongo usipondeke, na ukishapondeka mara moja kofia hiyo haifai tena hata kama nje haina mkwaruzo.

Nilisikia sauti yangu ikiuliza kutoka kwenye uzio: na mtu akiutoa huo weupe? Alinigeukia, akadhani namtania.

"Ukiutoa huo, mzee, umevaa sufuria."

Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaendelea kucheka mpaka abiria wangu akaja. Njia nzima ya kurudi sikusikia aliyokuwa akiniambia.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kusema. Wale wenzangu wawili niliowakwangulia kofia niliwafuata kwanza. Mmoja aliitupa mbele yangu. Mwingine alisema nimezeeka naogopa, lakini jana nimeona ana mpya. Kijiweni nimesema, kwa maneno machache. Nilidhani watanizomea. Mmoja mmoja walizitungua kofia zao kwenye vioo, wakazichungulia ndani.

Aliyebaki alikuwa mwenyewe. Leo baada ya sala ya adhuhuri nilikwenda kwa shangazi yako. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilimweleza kila kitu, kuanzia kisu mpaka sufuria. Alinisikiliza bila kuacha ungo wake. Nilipomaliza akacheka, akasema, "Kumbe. Mimi siku zote nilidhani kichwa changu ndicho kilichokuwa laini." Akaniletea chai. Nikashukuru Mungu, nikaona mzigo umetua.

Hatujamaliza chai akaniuliza, "Mdogo wangu, ulisema umekuja kwa lipi?"

Ilibidi nimweleze tena. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nilijua kila neno linalokuja. Safari hii hakucheka. Aliuliza kuhusu ngiri tu, kama kweli hakuwepo. Nikamwambia hakuwepo. Akasema, "Basi nimemchukia bure miaka yote hii." Kisha akageuza uso upande wa ukuta, akakaa hivyo, na mimi nikakaa na kikombe changu. Sikuondoka. Kama ataniuliza tena kesho nitamweleza tena kesho. Nimeona hiyo ndiyo haki yake, na ndiyo adhabu niliyopewa, na si kubwa ikilinganishwa na yake.

Mwanangu, sikuelezi haya ili uniogopee au unihurumie. Ninakueleza kwa sababu ulipouliza, "Si ulinifundisha wewe?" jibu la kweli lilikuwa hili, na nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza. Mimi si mwalimu. Mimi ni mtu aliyebahatika kutokufa. Mambo haya mawili yanafanana sana kwa nje. Dereva aliyekaa kijiweni miaka kumi na sita anaheshimiwa, watu hawaulizi hiyo miaka alikuwa anajua au alikuwa anaponea chupuchupu.

Huko uendako kuna mchanga mwingi kuliko wa hapa. Kutoka Ikwiriri kwenda juu, ukipita Ngorongo mpaka Mloka, barabara inabadilika kila mvua, na karibu na hifadhi jioni tembo wanashuka kwenye mashamba. Tembo yupo kweli, huyo sikumtunga. Utapakia mama mwenye mtoto mgongoni atakayekuambia kimbiza, nimechelewa kliniki. Utapakia watu wawili wanaotaka kwenda pamoja kama mishikaki, nawe utaona haya kukataa kwa sababu ni jirani wa mjomba. Mimi sijui kukufundisha kukataa. Nilikuwa sikatai. Labda huyo mwalimu anajua, maana nilimsikia akiwafanyisha mazoezi hata ya maneno, mmoja anajifanya abiria mkaidi, mwingine dereva. Nilitamani kuingia.

Jambo moja ninaloweza kusema kwa ujuzi wangu ni hili. Ukianguka peke yako, kidonda ni chako na unakiuguza. Ukimwangusha mtu, unapona, kisha unakutana naye kila siku anakusalimia vizuri.

Pikipiki ni yako. Umeinunua kwa ufuta uliolima mwenyewe, sina mkono ndani yake, kwa hiyo siwezi kukunyima ufunguo na sitajaribu. Kesho ukifika Kibiti barabara iko wazi mbele yako na mjomba anakungoja. Ukipitiliza, utapitiliza ukiwa mwanangu uleule na dua zangu zitakuwa nyuma yako hadi Mloka. Ila jina lako nimekwisha kuliandikisha kwa mafunzo yanayoanza Jumatatu. Mjomba nimempigia simu, amesema wiki mbili si kitu, kazi haiozi. Kwenye mfuko mweusi juu ya begi lako kuna kofia mbili, koti, glavu na buti za mguu wako. Kofia zina vitu vyote ndani, nimezikagua moja moja. Ya abiria nimeijaribu kwa mama yako akiwa na mtandio wake. Amesema inabana kidogo. Nimemwambia ndivyo inavyotakiwa.

Nilikuwa nataka nikufundishe kila kitu mimi mwenyewe. Baba yeyote anataka hivyo. Nimechelewa kujua kwamba kukupenda kungeweza pia kuwa kukupeleka kwa mtu mwingine anayejua.

Nakukabidhi kwa Mwenyezi Mungu, asiyepoteza amana.

Mimi baba yako.

*

Kaka Seifu, kuanzia hapa ni mimi, Zuhura. Baba ameingia msikitini kwa sala ya magharibi na ameniambia nifunge bahasha. Hili hajaniambia niandike, lakini hajanikataza.

Alhamisi iliyopita nilipochelewa kurudi kutoka shuleni, nilikuwa na baba Kibiti. Mwalimu wa mafunzo alitupatia fomu, nikazijaza mimi kwa sababu ya mkono wa baba. Nilijaza mbili. Ya kwanza ilikuwa yako. Ya pili ilikuwa ya baba. Palipoulizwa kama mwombaji amewahi kufundishwa kuendesha pikipiki, nilimtazama nikangoja. Aliniambia niandike hapana.

Anaona haya kukuambia, anaogopa utamcheka kukaa darasani na vijana. Kesho asubuhi atakuomba umpakie mpaka Kibiti. Atasema ana shughuli zake mjini. Tafadhali kaka, usimuulize ni shughuli gani. Mpakie tu, uende polepole, maana kukaa nyuma hajazoea.